Tairi Lina Umri Wake

Pikapu imekuwa chombo cha shamba katika skimu zetu za Borabu kama vile jembe na mkebe wa maziwa. Asubuhi hubeba maziwa, mchana hubeba majani chai mpaka kituo cha kununulia, na siku ya soko hubeba ndizi na kabichi kutoka Nyansiongo kupitia Keroka mpaka Daraja Mbili mjini Kisii. Mwenye gari huangalia mafuta, huangalia maji ya rejeta, na breki zikilia humwita fundi. Lakini matairi huachwa mpaka yapasuke yenyewe. Desturi hii si nzuri, maana gari zima pamoja na mzigo na watu waliomo vinashika barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, na kila kipande hakizidi sana kiganja cha mtu mzima.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si fundi wa magari. Lakini wakulima wanaokuja kuuliza habari za mbolea na ng'ombe huuliza na mengine, na swali moja limeletwa mara nyingi: "Bwana karani, tairi hili bado lina meno. Kwa nini fundi aniambia nilitupe?" Jibu ni kwamba tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku limekwisha kufa. Kuna mambo matatu ya kuangalia: meno, ubavu na umri. Watu wengi huangalia la kwanza tu.

MENO

Kwenye lami kavu hata tairi lenye kipara hushika barabara. Kazi kubwa ya meno ni kupitisha maji. Gari likienda mbio juu ya lami iliyolowa, mifereji iliyo kati ya meno huyachukua maji na kuyatupa kando, ili mpira uguse barabara. Mifereji ikipoteza kina, maji hukosa njia na tairi huelea juu yake. Ndipo usukani huwa mwepesi ghafula mikononi mwa dereva, akikanyaga breki gari haliitiki. Sasa kumbuka ya kwamba nchi yetu ya Kisii na Nyamira hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ni vigumu kutaja mwezi ambao twaweza kuapa kuwa haitanyesha.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ukitazama ndani ya mifereji mikubwa utaona vipande vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji kama matuta. Hivyo vimewekwa na watengenezaji, na kimo chake ni milimita 1.6. Meno yakilika mpaka yawe sawa na vipande hivyo, tairi hilo limekwisha, wala hakuna la kubishana. Kwa barabara zetu mimi nasema usingoje hapo. Kina kikifika milimita 3, anza kuweka fedha ya matairi kando, maana kutoka hapo kushuka chini nguvu ya kushika lami yenye maji hupungua upesi.

Kupima ni rahisi. Ingiza kijiti cha kiberiti katika mfereji, weka alama kwa ukucha mahali kinapolingana na uso wa tairi, kisha kiweke kwenye rula ya mtoto wa shule. Anza kuhesabu kwenye alama ya sifuri, si kwenye ncha ya rula. Kila aliyepata kufundisha hesabu anajua ni watoto wangapi hukosa kwa sababu ya nafasi ile ndogo. Pima upande wa nje, katikati, na upande wa ndani ambao hauonekani mpaka uiname.

Vipimo vitatu visipolingana, tairi linakuambia ugonjwa wa gari. Likilika pande zote mbili na katikati likabaki zima, upepo ulikuwa haba. Likilika katikati peke yake, upepo ulizidi. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyoka, nawe utapoteza fedha ukifunga tairi jipya kabla ya kuyanyosha kwa fundi mwenye mashine. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, angalia shokapu.

UBAVU

Ndani ya mpira wa tairi mna nyuzi nyingi zilizopangwa, na juu ya nyuzi hizo, chini ya meno, mna mikanda ya waya za chuma. Nyuzi hizi ndizo zinazobeba uzito. Mpira ni nguo tu. Gari likipiga shimo kwa nguvu, au likipanda ukingo wa lami ulioliwa na mvua, nyuzi za ubavuni huweza kukatika bila mpira kupasuka. Baada ya siku chache utaona uvimbe ubavuni, labda kama nusu ya ndimu. Uvimbe huo ni upepo unaosukuma mpira mahali ambapo hapana nyuzi tena. Hauna dawa. Usiusikilize ushauri wa kupunguza upepo ili ushuke, wala wa kulihamisha tairi nyuma. Liondoe siku hiyo hiyo.

Pancha ya msumari katikati ya meno yaweza kuzibwa, ikiwa tundu halizidi milimita 6 hivi, na iliyo njema ni ile inayozibwa kwa ndani baada ya kulitoa tairi kwenye rimu na kulitazama. Tundu la ubavuni halizibwi. Mafundi wengine hutia tyubu ndani ya tairi lililokatika ubavu na kuweka kipande cha mpira katikati. Gari litaondoka, ni kweli. Lakini mahali pale panapojikunja kila gurudumu linapozunguka patakata tyubu, na tyubu ikitoboka haivuji polepole kama tairi lisilo na tyubu. Hutoka upepo wote mara moja.

Kadhalika jihadhari na wale wanaochonga meno mapya kwa kisu cha moto katika tairi lenye kipara. Yako matairi ya malori ambayo yametengenezwa yawe na mpira wa ziada wa kuchongwa, nayo huandikwa hivyo ubavuni kwa neno REGROOVABLE. La pikapu au la gari dogo halina mpira huo. Kisu kikiingia hukaribia nyuzi, maji hupita, waya hushika kutu, na tairi humwaga ngozi yake yote barabarani. Tusichanganye jambo hili na tairi la lori lililovishwa mpira mpya kiwandani. Hilo likifanywa vizuri juu ya tairi zima ni biashara halali na yenye faida.

UMRI

Hapa ndipo wengi hawajui. Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa yenyewe huukausha, mafuta yaliyomo ndani yake hupungua, na nyufa ndogo ndogo huanza ubavuni na chini ya meno. Tairi la gari ambalo hukaa zizini na kwenda soko mara moja kwa juma laweza kuzeeka kabla meno hayajaisha. Spea inayoning'inia chini ya pikapu miaka mingi nayo huzeeka humo humo, ikingoja siku utakayoihitaji.

Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, zikifuatwa na herufi na nambari nyingine, na mwisho tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Ukikosa tarakimu hizo upande wa nje, tazama upande wa ndani, maana mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Ukiona tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nawe usilipandishe garini kwa bei yoyote.

Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba tairi likipita miaka 5 ya matumizi litazamwe na mjuzi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linapendeza macho, spea ikiwamo. Baadhi ya watengenezaji wa magari ni wakali zaidi na husema miaka 6. Kwa pikapu ya mizigo katika vilima vyetu mimi nawaunga mkono hao wakali.

Zamani mkulima aliweza kununua tairi lililotengenezwa Nairobi. Kiwanda cha Firestone, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Sameer Africa, kiliacha kutengeneza matairi huko mwaka 2016. Kwa hiyo matairi ya madukani siku hizi yamesafiri kwa meli na kukaa ghalani kabla ya kufika Kisii au Keroka. Neno "jipya" la mwenye duka maana yake halijafungwa garini, haina maana limetengenezwa juzi. Soma tarehe kabla ya kutoa fedha. Ukikuta limekwisha kukaa miaka mitatu, omba lingine au omba bei ishuke. Hakuna adabu iliyovunjwa kwa kuomba.

Matairi ya mitumba yana hatari hiyo hiyo mara mbili, kwa kuwa mengi yaliondolewa na wenyewe huko yalikotoka kwa sababu ya umri. Nayajua maisha ya mkulima, wala sitasema kamwe usiyaguse. Lakini fanya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, tairi jipya ni shilingi 12,000 na litakaa miezi 48: limekugharimu shilingi 250 kwa mwezi. La mitumba ni shilingi 5,000 na litakaa miezi 14: limekugharimu shilingi 357 kwa mwezi. Weka bei za duka lako mwenyewe, uone. Ukinunua la mitumba, litazame ndani vile vile, maana viraka havionekani kwa nje.

NAMBARI ZA UZITO

Watu huenda dukani na kuomba "tairi la kumi na nne". Hiyo ni kipenyo cha rimu tu kwa inchi, wala haitoshi. Tairi moja la pikapu lina maandishi haya: 195R14C 8PR 106/104R. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. R ya kwanza yaonyesha jinsi nyuzi zilivyopangwa. 14 ni rimu. C ni gari la mizigo. 8PR ni kipimo cha nguvu za nyuzi. 106 ni nambari ya uzito, na katika jedwali la watengenezaji maana yake ni kilo 950 kwa tairi lililo peke yake upande wake. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi yakifungwa mawili pamoja. Herufi ya mwisho ni ya mwendo.

Sasa angalia tofauti. Tairi la gari la abiria lenye nambari 88 hubeba kilo 560. Laweza kuingia katika rimu ya pikapu, na bei yake ni nafuu, kwa hiyo watu hulifunga. Mikebe kumi ya maziwa ya lita 50 ni zaidi ya kilo 500 bila mikebe yenyewe, ongeza magunia, ongeza vijana watatu waliokaa juu ya magunia, na usisahau kwamba uzito wa gari lenyewe umo katika hesabu. Ekseli ya nyuma imekwisha kuzidiwa kabla ya kutoka getini.

Tairi lililozidiwa, au lenye upepo haba, hujikunja sana kila linapozunguka. Chukua waya wa uzio uukunje huku na huku upesi upesi: utapata moto, kisha utakatika. Hivyo ndivyo nyuzi za tairi zinavyokatika, nayo ndiyo sababu matairi mengi hupasuka mchana wa jua kali gari likiwa limejaa.

Kipimo cha upepo kinachofaa gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi pana kipimo kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Nambari iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wa upepo linaoweza kuvumilia; haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima tairi likiwa la moto utaona upepo umezidi. Usiupunguze, maana likipoa utakuwa haba.

YAFUNGWE WAPI

Nunua mawili mawili, na mawili hayo yawe ya aina moja na kipimo kimoja katika ekseli moja. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote lataka matairi manne yaliyolingana, ama sivyo gia zake zitaumia.

Yale mawili mapya yafungwe nyuma. Najua madereva wengi watanipinga hapa, kwa kuwa husema mbele ndiko kwenye usukani. Lakini fikiri mteremko wa kutoka Keroka kushuka Kisii wakati wa mvua. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari hunyoka mbele nawe unahisi usukani, unaondoa mguu kwenye mafuta, mwendo unapungua. Ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari hukupita na gari huzunguka, wala dereva wa kawaida hana la kufanya. Hii haina maana kwamba ya mbele yaweza kuwa na kipara. Maana yake ni kwamba bora ya yote yakae nyuma.

Fundi akivua tairi, mwambie aweke valvu mpya, kwa kuwa ni kitu cha bei ndogo nacho huzeeka pamoja na tairi. Kama ubavuni pana mshale, magurudumu yazunguke upande unaoelekezwa na mshale gari likienda mbele. Kisha magurudumu yasawazishwe kwa mashine ili usukani usitetemeke.

Mwenye lori la chai au la mawe ya Tabaka na alisikie hili. Magurudumu ya malori mengine yana pete ya chuma inayofunga tairi kwenye rimu. Pete isipokaa vizuri, upepo ukijaa hutoka kama risasi, nayo yaua. Kazi hiyo ifanywe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa pampu uwe mrefu, na fundi asimame kando. Watoto waondoke. Kandokando ya barabara zetu watoto hupenda kusimama kutazama tairi likijazwa, na hakuna anayewafukuza. Na yule anayemwaga petroli katika tairi na kuwasha kiberiti ili likae kwenye rimu, ondoa gari lako umpelekee mwingine.

KUBADILI NJIANI

Lipasukapo gari likienda, shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki kwa nguvu, ondoa mguu polepole kwenye mafuta na uliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Sogea kando mpaka mahali pa tambarare. Katika nchi yetu ya vilima mahali hapo huenda pakawa mbali kidogo. Afadhali kuharibu rimu kuliko kutia jeki kwenye mteremko au kwenye kona.

Weka pembetatu za kuonya mbele na nyuma. Shusha watu wote, na mzigo ikiwezekana. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, kisha weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya pili, mbali na lile lenye pancha. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, maana ukiliinua kwanza litazunguka na gari litatikisika juu ya jeki. Udongo wetu mwekundu ukilowa humeza jeki. Beba daima kipande cha ubao mgumu cha kuiwekea chini. Inua gari mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji. Usiingize mwili chini yake hata kwa dakika moja. Lisukume tairi lililotolewa chini ya fremu, ili gari likianguka lianguke juu ya tairi. Ukifunga spea, anza nati zote kwa vidole, kaza kidogo, shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu kwa kuvuka: moja juu, nyingine chini upande wa pili, wala si kwa kuzunguka. Baada ya kilomita 50 hivi simama ukaze tena.

TAIRI LA ZAMANI

Usilichome, maana moshi wake ni sumu, wala usiliache nje likikusanya maji, kwa kuwa ni nyumba ya mbu. Wengi watakuwa wanajua namna ya kulikata liwe kandambili au chombo cha kupandia sukuma wiki. Wafugaji wetu wa Borabu wanaotengeneza saileji hulitumia kukandamiza karatasi ya nailoni juu ya shimo, nayo ni kazi nzuri. Lakini tairi lililopasuka au lililolika mpaka waya zikatokeza lisiwekwe juu ya saileji kamwe. Vipande vya waya huanguka ndani ya chakula, ng'ombe huvimeza bila kutafuna, navyo hukaa katika tumbo la pili na kutoboa mpaka kwenye moyo. Ng'ombe hupunguza maziwa, husimama mgongo ukiwa umepinda, na mwenyewe hudhani ni homa. Chagua matairi mazima yasiyo na ufa, yapitishe mkono uliovaa glavu kote kuzunguka kabla ya kuyapanga, na kila mwaka ukifungua shimo yatazame tena.